Isaac Nabwana na VJ wa Kampala: Filamu Iliyobaki kwa Sauti ya Mfasiri Wake

Katika kozi za tafsiri na ukalimani tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba mfasiri bora ni yule asiyeonekana. Asiongeze, asipunguze, na msomaji au msikilizaji asahau kabisa kwamba kati yake na mwandishi kuna mtu wa tatu. Hii ni kanuni nzuri na makala haya hayana nia ya kuifuta. Nia yake ni kumwangalia mwongozaji mmoja wa filamu wa hapa Kampala ambaye kazi yake imejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa na hiyo: mfasiri husikika kuliko waigizaji, hutania, huwasifu wahusika na kuwazomea, na watazamaji hulipa kiingilio kwa ajili yake. Tena filamu ya mwongozaji huyu inayojulikana kuliko zote leo haipo bila sauti ya mfasiri huyo. Nakala isiyokuwa na sauti yake ilipotea.

Mwongozaji mwenyewe ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, ambaye mara nyingi huandikwa kwa kifupi Nabwana I.G.G. Kabla ya kuendelea, tuseme jambo dogo kuhusu istilahi. Tunatumia neno "mwongozaji" kama litumikavyo Tanzania. Wasomaji wetu kutoka Kenya wamezoea zaidi "mwelekezi", na yote mawili yanaeleweka. Kwa Nabwana, hata hivyo, hakuna neno moja linalotosha, kwa sababu ndiye mwandishi wa hadithi, mpiga picha, mhariri, mtengenezaji wa milipuko ya kompyuta na mwenye kampuni.

Nabwana alizaliwa mwaka 1973 na kukulia Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika eneo la Rubaga, kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Utoto wake ulipita katika utawala wa Idi Amin na vurugu zilizoufuata. Sinema aliipenda tangu udogoni, lakini haikuwa rahisi mtoto kama yeye kwenda kuitazama. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekwenda. Akirudi nyumbani humsimulia mdogo wake filamu nzima: nani alimpiga nani, bunduki ilikuwa ya namna gani, adui aliangukaje, gari lililipukaje. Nabwana amelieleza jambo hili mara nyingi katika mahojiano yake, na ameongeza kwamba filamu nyingi za mapigano alizozipenda alizijua kwa kusimuliwa kabla ya kuziona kwa macho.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi asilipite jambo hili haraka. Kwa kawaida tunaposema kwamba fulani "ameathiriwa na sinema za Marekani", tunawaza mtu aliyekaa mbele ya pazia akaiga alichokiona. Nabwana hakuiga alichokiona, kwani alichokipata kwanza ni masimulizi. Kaka yake alikuwa fanani na yeye akawa hadhira ya mtu mmoja. Na fanani yeyote, kama tunavyofundisha, hasimulii kitu kilekile kilivyo. Hukuza pale panaposisimua, huruka pale panapochosha, hutumia mikono na mdomo kutoa milio, na huweka mambo ya nyumbani ndani ya kisa cha ugenini ili msikilizaji akielewe. Ukizitazama filamu za Nabwana ukiwa na jambo hili akilini, mengi yanayowashangaza watu yanapata maelezo. Mapigano yanakuja moja juu ya jingine bila kupumzika, na mazungumzo yasiyo ya lazima ni machache. Hivyo ndivyo mtoto anavyomsimulia mdogo wake sinema.

Sasa tuingie kibandani. Neno "kibanda" Waganda wanalo pia, "ekibanda", wingi wake "ebibanda", na katika Kampala limepata maana maalumu ya chumba cha kuonyeshea video. Kibanda cha kawaida kina kuta za mbao au matofali, paa la mabati, mabenchi, televisheni moja au zaidi mbele, spika, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo na mechi za mpira wa Ulaya. Vibanda hivi vilienea tangu miaka ya 1980 na 1990, wakati kanda za video zilipoanza kupatikana kwa urahisi huku majumba makubwa ya sinema ya mjini yakiwa ghali au yamefungwa. Filamu zilizokuwa zikioneshwa zilitoka Marekani, Hong Kong na India. Wengi wa watazamaji hawakukielewa Kiingereza cha waigizaji wa Marekani, na Kichina na Kihindi ndiyo kabisa.

Hapo ndipo alipozaliwa VJ. Hizi ni herufi mbili zinazosimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya mchekeshaji wa video. VJ alikaa kibandani na kipaza sauti chake, akapunguza sauti ya filamu, akaanza kueleza kwa Kiganda kinachotokea. Mwanzoni ilikuwa kazi ya papo kwa papo, mbele ya watu, na kila onyesho likawa tofauti na jingine. Baadaye maelezo yalirekodiwa juu ya filamu na kuuzwa katika kanda, kisha katika diski, na majina ya wahusika wa fani hii, kama vile VJ Jingo na VJ Junior, yakajulikana nchi nzima. Leo hii katika maduka ya filamu ya Kampala ni jambo la kawaida mteja kuuliza ni nani aliyeifasiri filamu kabla ya kuuliza ni nani aliyeigiza.

Isidhaniwe kwamba huu ni uzushi wa Kampala peke yake. Huko Japani, enzi ya sinema bubu, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuwapa wahusika sauti. Baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji. Kaka wa mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa alikuwa benshi, na filamu zenye sauti zilipoingia miaka ya 1930 kazi hiyo ilikufa. Karibu na kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa sinema za kuelimisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zilizungushwa kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na kusini yake, zikiwa na maelezo ya lugha kadhaa, Kiswahili na Kiganda zikiwamo. Kwa maneno mengine, sauti ya msemaji ilikuwa imetenganishwa na picha katika eneo letu muda mrefu kabla ya kibanda cha kwanza. Tofauti ni kwamba msemaji wa mkoloni alikuja kuwaeleza watu namna ya kuchimba vyoo na kutunza kahawa.

Kwa Kiswahili nako fani hii ipo. Tanzania alijulikana Lufufu, ambaye kanda zake za filamu za kigeni zenye masimulizi ya Kiswahili zilienea katika mitaa ya Dar es Salaam na mikoani. Kenya yupo DJ Afro. Tutalirudia suala la Kiswahili baadaye, maana ndilo linalotuhusu zaidi katika idara kama yetu.

Turudi kwa Nabwana. Katika ujana wake alifyatua matofali ili kupata riziki, na fedha alizodunduliza ndizo alizotumia kujiingiza katika kazi ya video. Hakusoma chuo chochote cha filamu. Alijifunza kompyuta kwa muda mfupi, akaendelea kujifundisha mwenyewe kuhariri na kutengeneza picha za bandia. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake, Ramon Film Productions, jina lililoundwa kwa kuunganisha mwanzo wa majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Mwaka huohuo Hajji Ashraf Ssemwogerere alitoa filamu ya Feelings Struggle, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa filamu za kisasa za Uganda zinazoitwa Kina-Uganda. Basi Nabwana hakuwa peke yake. Wakati huohuo mwongozaji Mira Nair, ambaye ana makazi Kampala na aliwahi kupiga sehemu ya filamu yake Mississippi Masala hapa, alikuwa anaanzisha Maisha Film Lab, mradi wa kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki uandishi na uongozaji wa filamu. Lakini Nabwana hakupita katika mlango huo. Yeye alichukua njia ya kibanda.

Studio yake ni nyumba yake hapo Wakaliga, na kutokana na jina la mtaa kundi lote likaitwa Wakaliwood. Mkewe Harriet ameshiriki katika kazi tangu mwanzo. Waigizaji ni majirani, vijana wa mtaani na watu waliosafiri kutoka mbali baada ya kusikia habari zake. Wengi hawakulipwa mshahara. Silaha hutengenezwa na fundi Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu, ikiwamo bunduki kubwa yenye mitutu mingi inayozunguka, ambayo ukiiona kwa mbali huwezi kuamini kwamba haifyatui kitu. Kitambaa cha kijani kinachotundikwa ukutani kilinunuliwa sokoni kama kitambaa kingine chochote. Mbele yake mtu hurukaruka, kisha kompyuta inamweka juu ya jengo refu la mjini au mbele ya helikopta inayolipua Kampala. Damu hapo awali ilikuwa ya ng'ombe, ya machinjioni, mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Baada ya hapo ikatumika rangi nyekundu ya chakula, iliyojazwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya shati ili ipasuke risasi "inapopiga". Kompyuta Nabwana aliziunga mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika, na umeme wa Wakaliga unajulikana: unakuja unapotaka na kuondoka unapotaka.

Uuzaji nao ulikuwa na utaratibu wake. Filamu ikikamilika, waigizaji wenyewe, mara nyingine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu, walitembea nyumba kwa nyumba wakiuza DVD kwa shilingi elfu mbili au tatu hivi na kupata sehemu ya mauzo. Ilibidi wakimbie. Baada ya siku chache wanakili haramu huwa wameshaifikisha filamu hiyo mitaani kwa bei ndogo zaidi, na hapo mauzo yamekwisha. Kwa hali hii mwongozaji hawezi kukaa miaka mitatu juu ya kazi moja. Lazima filamu nyingine iwe njiani.

Hali hii ndiyo iliyoikumba Who Killed Captain Alex?, yaani "Nani alimuua Kapteni Alex?", iliyotoka mwaka 2010. Wenyewe wanasema iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Kisa chake si kigumu. Kapteni Alex, askari hodari wa Uganda, anatumwa kulitokomeza genge liitwalo Tiger Mafia. Anakutwa ameuawa. Ndugu yake, bingwa wa kung fu, anaanza kumtafuta muuaji. Swali la jina la filamu, kusema kweli, halipati jibu la kuridhisha, wala sidhani kwamba kuna aliyelalamika.

Kompyuta ya Nabwana ya wakati huo haikuwa na nafasi ya kuhifadhi filamu mbili. Filamu ilipokwisha kurekodiwa kwenye DVD na kuuzwa, faili la asili lilifutwa ili lipatikane nafasi ya kazi iliyofuata. Hakuwaza kwamba kuna mtu nje ya mitaa ya Kampala ambaye angeitaka. Kilichosalia ni nakala ya DVD iliyokwisha kuwekewa maelezo ya VJ Emmie, yenye picha hafifu, na sauti za waigizaji, muziki na utani wa Emmie vikiwa vimechanganyika pamoja kiasi kwamba haviwezi kutenganishwa tena. Nakala hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye intaneti mwaka 2015 na kutazamwa na mamilioni ya watu.

Hebu tulipime jambo hili kwa vipimo vya darasani. Sisi hufundisha kwamba kuna matini chanzi na matini lengwa, na kwamba matini chanzi ndiyo mahakama ya rufaa: tafsiri ikitiliwa shaka, tunarudi kwenye chanzi. Hapa hakuna pa kurudi. Matini lengwa imeimeza matini chanzi.

Emmie anafanya nini hasa ndani ya nakala hiyo? Wahusika wanazungumza Kiganda, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Juu ya hayo anakuja Emmie, ambaye katika nakala inayojulikana duniani anasema Kiingereza, lakini Kiingereza cha Kampala. Kazi yake si ya kufasiri maneno, kwa sababu maneno yameshafasiriwa na maandishi. Kwanza anatangaza: anawaambia watu kwamba mapigano yanakuja, wajiandae, wasiondoke. Pili anawatambulisha wahusika na kuwapa majina ya utani. Tatu anatania hata filamu yenyewe, na pale ambapo helikopta inaonekana wazi kuwa ni ya kompyuta yeye ndiye anayeishangilia zaidi. Nne, na hili naliona kubwa kuliko yote, anawasemea watazamaji. Anacheka pale ambapo wangecheka na kuuliza swali ambalo mtu wa benchi la nyuma angeuliza. Mtu anayeitazama filamu hii peke yake usiku huko Helsinki anahisi kwamba amekaa kibandani na watu mia moja.

Kwa istilahi zetu, Emmie ni fanani anayejibebea hadhira yake. Ushirikishwaji wa hadhira, tunaoufundisha kupitia mianzo ya ngano na viitikio vya nyimbo, umerekodiwa ndani ya DVD. Nawaomba wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu walitafakari hili kabla ya kuchagua kwa mara nyingine tena "dhamira katika riwaya ya fulani".

Tuseme na upande wa pili, maana wapo wanaopinga. Baadhi ya walimu wa tafsiri huona kwamba VJ anaharibu. Anabadili maana, anatia siasa za Kampala katika kinywa cha mwigizaji wa Hong Kong, anafunika mazungumzo muhimu kwa mzaha. Lawama hizi zina ukweli zinapohusu filamu za kigeni ambazo mwongozaji wake hakuombwa ruhusa. Kwa Nabwana hali ni tofauti. Yeye anapotunga tayari anajua kwamba VJ atakuja juu ya picha zake, kama mtunzi wa ngoma anavyomwachia nafasi mpiga filimbi. Haki ya kulalamika ni yake, na hajalalamika. Amekuwa akimshirikisha Emmie filamu baada ya filamu.

Umaarufu wa nje ulikuja kwa njia ya tangazo la filamu ya Captain Alex lililowekwa kwenye intaneti mwaka 2010. Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliyekuwa akifanya kazi katika matamasha ya filamu, aliliona akapanda ndege kuja Kampala mwishoni mwa mwaka 2011, bila mwaliko, kumtafuta mwongozaji. Alimpata, na hatimaye akahamia Wakaliga, akawa mshirika, mwigizaji wa nafasi za mzungu anayepigwa, na mpelekaji wa filamu hizi ng'ambo. Mwaka 2015 waliomba michango kwenye intaneti kwa ajili ya filamu ya Tebaatusasula. Waliomba dola 160, wakachangiwa zaidi ya dola 13,000. Jina hilo, kwa wanafunzi wa isimu linganishi, ni zoezi tayari: te-ba-a-tu-sasula, ha-wa-ku-tu-lipa. Kikanushi, nafsi, wakati uliopita, mtendwa, mzizi, vyote viko katika mpangilio uleule, na mwenye kujua Kiswahili anaweza kuona kwamba Kiganda si lugha ya mbali.

Mwaka 2016 ulikuwa wa pekee kwa mitaa ya Kampala katika sinema. Disney walitoa Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyekuwa bingwa wa sataranji. Bajeti yake ilitajwa kuwa dola milioni 15. Mwaka uleule Nabwana alitoa Bad Black, kisa cha mwanamke kiongozi wa majambazi na cha daktari mzungu, aliyeigizwa na Hofmanis, ambaye anafunzwa ukomando na mtoto wa mtaani. Bad Black ilioneshwa katika tamasha la Fantastic Fest huko Austin, Texas. Katwe na Wakaliga haziko mbali. Mtu wa bodaboda anakufikisha kwa muda mfupi. Filamu ya kwanza inaheshimu umaskini na kuueleza kwa uangalifu, nayo ni nzuri. Ya pili haina muda wa kuueleza. Umaskini upo tu, kama udongo mwekundu, na watu wa hapo wanataka kuruka, kupiga na kuchekesha. Mimi nazipenda zote mbili, lakini ya pili ndiyo iliyotengenezwa kwanza kabisa kwa ajili ya watu wa mtaa wake. Mwaka 2019 Crazy World, ambamo watoto wanaojua kung fu wanatekwa na genge na kulishinda, ilioneshwa Toronto katika kipengele cha filamu za usiku wa manane cha tamasha kubwa la kimataifa. Nyuma ya vichekesho vyake kuna hofu ya kweli ya wazazi wa Uganda, ya watoto kutekwa kwa ajili ya kafara. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya hali halisi ya Cathryne Czubek, Once Upon a Time in Uganda, inayoeleza urafiki wa Nabwana na Hofmanis na isiyoficha mvutano uliotokea kati yao.

Je, wageni wanacheka pamoja na Wakaliga au wanaicheka Wakaliga? Swali hili huulizwa sana Kampala, hasa na wasomi, ambao baadhi yao huona aibu kwamba filamu ya dola 200 ndiyo iliyolitangaza jiji lao. Sina jibu la jumla. Naona tu kwamba Emmie amelitangulia swali. Yeye ndiye wa kwanza kucheka, na anacheka akiwa mwenyeji. Mgeni anayefuata anacheka ndani ya kicheko kilichokwisha kuanzishwa na Mkampala. Ondoa sauti ya Emmie, ubakize helikopta ya bandia peke yake, na hapo ndipo kicheko cha dharau kingepata nafasi.

Nilisema tutarudi kwenye Kiswahili. Mwaka 1973, mwaka aliozaliwa Nabwana, Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa ya Uganda. Mwaka 2005, mwaka ilipoanzishwa Ramon Film Productions, Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua tena kukipa nafasi hiyo na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika miaka hiyo hamsini karibu, Kiswahili cha Uganda kimekuwa na sheria nyingi na sauti chache. Katika masikio ya wazee wengi wa Buganda bado ni lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, anayedai kitambulisho na fedha. Kiganda, kwa upande wake, hakikuhitaji amri ya mtu yeyote ili kuingia kibandani. Kilikwenda na VJ. Watu waliohamia Kampala kutoka kaskazini na mashariki walikisikia hapo kila jioni, wakicheka, na wengi walikijua zaidi kwa kukaa kwenye benchi la kibanda.

Kwa hiyo idara zinazowaandaa walimu wa Kiswahili wa shule za Uganda zina jambo la kujifunza Wakaliga. Mtoto wa Kampala anayeanza Kiswahili leo hukutana kwanza na ngeli za nomino ubaoni. Hana VJ wa Kiswahili anayemfahamu. DJ Afro humfikia kwa kubahatisha, na Sheng' iliyomo inamchanganya. Bongo Fleva kutoka Tanzania imesaidia sana, pengine kuliko vitabu vyetu, lakini wimbo ni dakika nne na filamu ni saa nzima ya mazungumzo.

Tumeanza kwa jambo dogo. Katika semina ya tafsiri, wanafunzi hutazama dakika kumi za mwanzo za Who Killed Captain Alex? mara mbili. Mara ya kwanza huandika kwa Kiswahili kile wahusika wanachosema, wakifuata taratibu zote za tafsiri aminifu. Mara ya pili sauti huzimwa, na mwanafunzi mmoja hupewa kipaza sauti asimame kando ya pazia na kusema kwa Kiswahili, bila karatasi, mbele ya wenzake. Sharti ni moja: akinyamaza kwa sekunde tano, anakaa chini na mwingine anachukua nafasi. Wale wanaopata alama za juu katika sarufi mara nyingi huketi mapema. Aliyedumu muda mrefu zaidi muhula uliopita alikuwa kijana aliyekuwa akisuasua katika upatanisho wa kisarufi, na alipofika kwenye helikopta darasa la jirani lilikuja kugonga mlango.